Koti Zito la Fundi Futi

Fundi Futi hakujua kukaa. Mtu mzima wa miaka hamsini na minane, baba wa watoto watatu wenye nyumba zao, lakini ukimpa kiti utadhani umempa siafu. Miaka thelathini na moja alikuwa ameshinda kwenye cherehani, na hata hapo usiseme alikuwa amekaa. Miguu inakanyaga, mikono inasukuma kitambaa, mdomo umebana pini na bado unaongea. Jina la Futi alipewa na wateja kwa sababu ya ule utepe wa kupimia uliokuwa shingoni mwake kuanzia asubuhi mpaka anafunga duka. Wapo waliodai anaoga nao.

Kwa hiyo sauti ilipoanza kukwaruza na uvimbe ukajitokeza shingoni, palepale utepe ulipolala miaka yote, mkewe alisema, "Si nilikuambia? Huo utepe umekusugua." Wakaishi na jibu hilo miezi minne. Walijaribu asali, wakajaribu dawa za kifua, wakajaribu kunyamaza, na hiyo ya mwisho ndiyo iliyomshinda kabisa. Siku aliyopaliwa na maji ya kunywa mbele ya mteja, maji yakatokea puani na kuilowesha suti ya watu, ndipo alipokubali kwenda hospitali.

Daktari wa saratani alikuwa mtu wa kuongea polepole, na upole huo ulimtesa Fundi Futi kuliko habari yenyewe.

"Mzee wangu," alisema, "hii saratani ya koo si changa. Imekamata kikoromeo na imeshafika kwenye tezi za shingo. Njia ziko mbili. Tunaweza kukiondoa kikoromeo chote. Utapumua kwa tundu hapa chini ya shingo, na sauti yako utaiaga. Au tunakupiga mionzi siku tano kwa wiki, wiki saba, jumla mara thelathini na tano, na kila Jumatatu unawekewa dripu ya kemo. Vyote pamoja."

"Kwa nini pamoja? Kimoja hakitoshi?"

"Kwa ugonjwa uliofika hapa, kimoja peke yake mara nyingi kinazidiwa. Kemo inaidhoofisha saratani, mionzi inaikuta haina nguvu, inaiunguza. Lakini vikienda pamoja vinamla na mgonjwa. Koo litachubuka, chakula utakichukia. Na ukianza, usikatize. Tukisimama siku nyingi katikati, kile kilichobaki kinajipanga upya."

Hilo halikuhitaji kurudiwa. Nguo ikishakatwa ikaachwa bila kushonwa, pindo zinatoka nyuzi mpaka kitambaa kinakwisha; amewahi kuyaona hayo mara mia. Akasimama, akavaa kofia. "Anzeni kesho," akasema. Mkewe akamvuta shati akae, maana daktari alikuwa bado hajamaliza.

Kwanza ilibidi apimiwe kinyago cha kushikilia kichwa kisisogee. Chumba cha mionzi kilikuwa na baridi, na katikati kulikuwa na meza nyembamba ndefu na mashine kubwa nyeupe juu yake. Binti wa mionzi, msichana wa miaka kama ishirini na saba hivi, mwembamba, asiye na maneno mengi, alimlaza chali, akatoa bamba la plastiki lenye vitundu kutoka kwenye beseni la maji ya moto. Lilikuwa limelegea kama shati la pamba lililotoka kufuliwa. Akalishusha juu ya uso wake, akalivuta mpaka mabegani, akalibana kwenye meza kwa vishikizo pande zote. Kisha akaanza kulikanda kwa vidole: puani, kwenye taya, chini ya kidevu. Fundi Futi, aliyefungwa kama mzigo wa safari, alikuwa anausikiliza mkono ule. Ulikuwa unapita taratibu, unarudi, unabonyeza, vilevile anavyofanya yeye akitafuta mahali pa kukalisha kola.

"Binti, mkono wako ni wa fundi," akasema bila kufungua meno.

"Usiongee, baba. Kinaganda."

"Mimi nasema ukweli."

"Na mimi nasema ukweli. Ukiongea kitaganda na mdomo wazi, utakuwa unakuja hapa wiki saba ukiwa umeachama."

Tangu siku hiyo akamwita fundi mwenzangu. Kila asubuhi saa tatu alivua koti na shati, akalala, kinyago kikabanwa, binti akatoka na mlango mzito ukajifunga. Mashine ikamzunguka ikinguruma kwa dakika kumi. Hizo dakika kumi zilikuwa jela. Kichwa hakisogei, shingo haisogei, basi uhai wote wa mtu yule ukahamia kwenye mguu wa kulia. Ukaanza kukanyaga. Akili ilikuwa inashona sketi za shule, mguu unasukuma, na mabega yakatikisika kidogo kidogo.

"Baba, mguu!" ikasikika sauti ya binti kwenye spika.

Mguu ukatulia. Baada ya nusu dakika ukaanza tena.

Wiki mbili za kwanza alijigamba. Jumatatu analala na dripu mkononi saa tano nzima, akirudi nyumbani anatapika kidogo, Jumanne yuko dukani anagombana na vifungo. "Dawa ya moto ni moto," aliwaambia wateja. "Nimewapa madaktari moto wangu wapambane nao." Wiki ya tatu majigambo yakaisha. Kila kitu kilikuwa na ladha ya chuma. Mate yakawa mazito kama gundi, ulimi ukachubuka, na kumeza kijiko cha supu kukawa safari ya kujiandaa. Ngozi ya shingo ikawa nyeusi kama pasi imesahauliwa juu yake. Mkewe alisaga mayai na maziwa, akachuja, akapooza, akabembeleza. Alikunywa nusu kikombe, nusu akaimwaga kwenye sinki mkewe akigeuka, kisha akauliza kama kuna kazi yoyote ya kushona.

Suruali zikaanza kumvuka. Jumamosi alijifungia dukani akazipunguza kiunoni, inchi moja. Jumamosi iliyofuata inchi nyingine. Alizipunguza vizuri hata mkewe, aliyezifua miaka yote, hakuona tofauti.

Ila mizani haipunguzwi kwa sindano. Kila Jumatatu kabla ya dripu, nesi alimpandisha kwenye mizani na kuandika kwenye kadi. Alianza na kilo sabini na moja. Nesi, mama mwenye sauti ya kuamuru jeshi, alimwambia mapema kabisa:

"Ukishuka chini ya sitini na nne, mzee, tunakuwekea mrija wa chakula tumboni. Ukiukataa, daktari anaweza kusimamisha matibabu mpaka upate nguvu. Nimekuambia, usije kusema hukuambiwa."

Kati ya maneno yote hayo, Fundi Futi aliondoka na mawili tu: mrija, na kusimamisha. Kaka yake mkubwa alikaa hospitali siku tisa na mrija puani, na siku ya kumi wakamtoa wakiwa wamemfunika. Kwa Fundi Futi mrija ulikuwa mlango, na alijua ng'ambo yake kuna nini. Kusimamisha nako kulikuwa kifo kilekile, ila kinakuja kwa mguu. Hakutaka hiki wala kile. Alitaka thelathini na tano zake, amalize, arudi kwenye cherehani.

Dukani kulikuwa na kazi iliyolala: mapazia ya ukumbi wa mikutano, marefu, mazito, na sanduku la vipande vya madini ya risasi. Hivyo hushonwa ndani ya pindo la chini ili pazia lining'inie wima lisipeperuke. Ni vibapa vidogo, upana kama kifungo cha koti, kila kimoja gramu hamsini. Fundi Futi alilitazama lile sanduku, akalitazama koti lake kubwa la sufu alilolivaa kila siku kwa sababu kemo ilikuwa inamtia baridi mifupani. Nesi alishazoea kulihesabu hilo koti; alitoa kilo moja na nusu akaandika kilichobaki.

Vipande ishirini ndiyo kilo. Akafumua bitana, akavipanga mstari mmoja, kila kimoja kwenye kijumba chake kisigongane na jirani, akashona. Wiki iliyofuata akaongeza mstari wa pili, kisha wa tatu, mpaka mgongoni. Ushonaji ulikuwa safi. Fundi yeyote angelishika pindo lile angelisifu. Wanasema kinyozi hajinyoi. Huyu alijishonea mwenyewe, na alichojishonea ni uongo, tena wenye bitana.

Koti likamwinamisha. Majirani wakasema, maskini, ugonjwa umempinda mgongo. Mkewe akawa anamshika kiwiko wakipanda ngazi za hospitali na analia kimyakimya. Mume anamwona, na hasemi.

Na huyu ndiye mtu aliyewachukia wateja wa aina moja kuliko wote: wanaobana pumzi wakipimwa. Zamani, akiwa na miaka mitano tu dukani, alikuja mwalimu mkuu wa shule moja, mama mnene wa heshima zake, akitaka gauni la siku ya kugawa zawadi. Utepe ulipofika kiunoni, mama akavuta tumbo ndani mpaka macho yakamtoka. Fundi aliona, akaona haya kusema. Akashona kwa kipimo alichopewa. Siku ya siku, mama akainama jukwaani kumvisha mtoto nishani, zipu ikapasuka kutoka juu hadi chini mbele ya wazazi mia tatu. Kesho yake alikuja kusimama mlangoni na kutangazia mtaa mzima kwamba fundi huyu hajui kupima. Hakusema, nilibana pumzi. Mwaka mzima wanawake walipita mlango ule kama hawauoni. Tangu hapo kila mteja aliimbiwa wimbo uleule: "Pumua kawaida, mama. Nakushonea wewe, simshonei yule unayemtamani."

Jumatatu ya wiki ya tano daktari alikuja na karatasi ya damu mkononi, amekunja uso.

"Mzee, figo zako zimeanza kulalamika. Kwa kawaida naliona hili kwa mtu asiyekula wala kunywa. Lakini wewe..." Akaangalia kadi. "Sitini na tisa. Uzito umeshika vizuri. Maji unakunywa?"

"Nakunywa," alinong'ona Fundi Futi. Masikio yalikuwa yanalia kama mbu wawili, mmoja kila upande.

"Basi nitakuongezea dripu ya maji. Kemo tunaendelea, kipimo kilekile."

Ikaingia kemo ya tano. Siku mbili alitapika mpaka akabaki anatapika hewa. Alhamisi asubuhi akalivaa koti na kujiburuta kwenda kupigwa mionzi, mara ya ishirini na nne.

Binti alikibana kinyago, kisha akasita. Akaingiza kidole kati ya plastiki na taya. Akaingiza na cha pili. Akakifungua, akamsaidia kuketi ukingoni mwa meza.

"Jana kidole kimoja kiliingia hapa, baba. Leo vinaingia viwili. Na kwenye picha ya jana, shingo yako haiko pale tulipoichora. Umepungua sana."

"Sijapungua," alisema. "Tazama kadi."

Alisema haraka, kama mtu anayefukuza nzi. Binti akaichukua kadi, akasoma: sabini na moja, sabini, sabini, sitini na tisa, sitini na tisa. Akaisoma tena. Uso ukamshuka.

"Basi ni mimi," akasema. "Niliona siku ile kama hakikukaa vizuri hapa kwenye taya, nikajiambia kitashika. Mimi ndiye niliyekipima vibaya." Alikuwa anakigeuza kile kinyago mikononi, analitafuta kosa. "Wiki tano, baba. Wiki tano nakupiga mionzi ndani ya kitu kisichokukaa. Sijui imeangukia wapi. Ngoja nimpigie mkuu wangu. Lazima niandike kwamba nilikosea."

Akaelekea kwenye simu ya ukutani, akaiweka sikioni.

Fundi Futi alibaki ukingoni mwa meza, kifua wazi, mbavu zinahesabika. Akaona jambo ambalo hakulitegemea: amenusurika. Binti ataandika kosa, kinyago kipya kitapimwa kwa uso huu huu uliokonda, kadi itabaki na sitini na tisa yake, hakuna mrija, hakuna kusimama. Zimebaki kumi na mbili. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na koo lenyewe lilikuwa limeshamfundisha kunyamaza. Gharama yake ni jina la msichana mmoja. Atasemwa, ataandikiwa barua, na miaka yote itakayokuja, kila atakapoutia mkono kwenye uso wa mgonjwa, atajiuliza kama anajua kupima.

Mguu wa kulia ulikuwa umetulia. Yeye mwenyewe aliushangaa.

"Fundi mwenzangu," aliita. Sauti haikutoka. Akapiga meza kwa kofi, binti akageuka, simu bado iko sikioni. Fundi Futi akashuka, akaenda kwenye msumari wa ukutani, akalitungua koti kwa mikono miwili, akamwekea mikononi. "Likamate."

Binti alilipokea kwa mkono mmoja kama mtu anayepokea koti. Likamvuta mpaka akainama. Akaiachia simu.

"Hukukosea," alisema Fundi Futi, na kila neno lilipita kooni kama mwiba. "Mimi ndiye niliyebana pumzi."

Daktari alilipima lile koti mwenyewe. Kisha akampima mwenye koti bila koti: sitini na tatu. Akaiandika namba ile kwenye kadi, polepole kama kawaida yake, na safari hii Fundi Futi hakuwa na haraka.

"Kemo tunaikata kwa mwili wa mtu," alisema daktari hatimaye, "kama wewe unavyokata nguo. Umetufanya tumkatie mtu wa kilo sitini na tisa ambaye hayupo, dawa yake tukammiminia huyu. Na Jumatatu nilipoona figo zinalia, ningejua papo hapo kwamba umekauka. Kadi ikanitoa njiani."

"Sasa mnasimamisha?"

"Kemo, ndiyo. Tano zilizoingia zimefanya sehemu kubwa ya kazi, mbili zilizobaki tunaziacha, figo haziwezi. Mionzi hatuiachi. Kesho unawekewa mrija. Jumatatu unapimwa kinyago kipya, mahesabu yanaanza upya, Jumatano tunaendelea. Siku zilizopotea tutazifidia kwa kukupiga mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri, tukipisha muda wa saa sita." Akavua miwani. "Nikuambie ukweli, maana naona tunauhitaji. Sijui pengo hili litatugharimu nini. Ungesema wiki ya tatu, pengo lisingekuwepo."

"Niliona mrija ndiyo mwisho."

"Mrija ndio unaotufikisha mwisho wa matibabu, mzee. Ulikuwa unamkimbia aliyekuja kukubeba."

Mkewe alisema lake kesho yake, mrija ukiwa umeshawekwa, yeye ameketi kando ya kitanda na mkasi mdogo, anafumua koti. Kila kipande alikitupa ndani ya bakuli la bati, kwa nguvu, ili kisikike.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. Kang! "Wewe umeyafichia ndani ya bitana." Kang! "Nilikuwa nakushika kiwiko nalia, mgongo wa mume wangu umevunjika. Kumbe nalilia pazia la watu."

"Mama watoto..."

"Usiniite. Sabini na tatu. Sabini na nne."

Alihesabu mpaka mia na ishirini. Halafu akaliweka koti jepesi juu ya magoti, akakipitisha kidole kwenye mishono aliyoifumua, ile mistari iliyonyooka, midogo, sawasawa, iliyoshonwa na mtu asiyeweza kumeza maji. Hapo ndipo alipolia kwa sauti. Naye Fundi Futi akalia, bila haya, machozi ya chumvi yakichoma ngozi ya shingo iliyoungua. Walipomaliza, mkewe alichukua bomba la sindano, akavuta maziwa ya dawa, akayasukuma taratibu kwenye mrija kama nesi alivyomwelekeza. Yakashuka tumboni bila kupita kooni, bila ladha ya chuma, bila vita. Baada ya robo saa mguu wa kulia ukaanza kukanyaga chini ya shuka. Mkewe akautazama, akafuta pua, akasema, "Haya, karudi."

Jumatatu akalala tena juu ya meza nyembamba. Koti lilikuwa nyumbani. Binti wa mionzi alikuwa ameliweka bamba jipya kwenye beseni, na alipolitoa maji yakachuruzika mpaka viganjani. Kabla ya kulishusha alimwangalia usoni: mashimo ya mashavu, mifupa ya taya, shingo nyeusi iliyokonda. Alimwangalia kama fundi anavyomwangalia mteja, hakukwepesha macho.

Fundi Futi aliliona bamba likija. Ghafla akaogopa, si mashine, si mrija, ila zile mara kumi na mbili zilizobaki, na pengo ambalo daktari hakujua bei yake. Kifua kikajikaza chenyewe.

Joto likamfunika uso. Vidole vikaanza kupita kwenye taya, vikarudi, vikasimama.

"Unabana, baba," alisema binti juu yake, taratibu. "Pumua kawaida. Nakipima kwako wewe."

Akaiachia pumzi yote, hata ile aliyokuwa amebaki nayo tangu wiki ya tatu. Plastiki ikashuka nayo, ikaingia mashimoni mwa mashavu, ikashika mifupa, ikaganda. Binti akajaribu kuingiza kidole chini ya taya. Hakikuingia.

Kinyago kilikuwa kimemkaa.